Vina vya Majonzi

Mtunzi mvivu akitaka kulia huandika *huzuni*. Neno hilo lina kina cha -ni, na -ni imejaa kila pembe ya lugha: moyoni, nyumbani, baharini, kwa nini. Hakosi cha kuokota, kwa hiyo hatafuti. Mizani nane zinatimia, vina vinaitikiana, na shairi linabaki chapwa.

Fundi anajua kwamba neno la majonzi haliji peke yake. Huja na jamaa zake wa kina, na jamaa hao ndio wanaoamua shairi lizungumze nini.

Chukua *ukiwa*. Limekaa kwenye -wa, zinakokaa kauli nyingi za kutendwa: kufiwa, kuvamiwa, kuchukuliwa, kuondolewa. Aliyelichagua amekwisha chagua habari za watu waliotendwa, apende asipende. Kwa maoni yangu hakuna neno linaloifaa zaidi Kilwa Kisiwani, mji uliovamiwa mwaka 1505 na jeshi la Mreno Francisco de Almeida, na ambao leo unajulikana kwa magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Ajabu ni kwamba jina lenyewe la Kilwa haliingii humo. Mtu aliyelelewa na *Sheria za Kutunga Mashairi* za Kaluta Amri Abedi, kitabu cha mwaka 1954, hatakubali -lwa iitikiane na -wa. Jamaa wa Kilwa anayenijia upesi ni Kulwa, naye hatembei bila Doto.

*Jitimai* ni la tabia nyingine. Linavuta vitenzi vya kukanusha: hatulii, harejei, hasikii, hasinzii. Ukilitumia kumwimba mjane wa mvuvi, nusu ya ubeti imejitunga: mume harejei, mke hasinzii. *Ghamu* linakwenda na damu, hukumu, marehemu. Hilo ni neno la mahakama na makaburi, nami nisingelipeleka kwenye mapenzi.

Halafu *simanzi*. Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Jamaa zake ni wachache na kila mmoja ana uzito: mpenzi, mwenzi, mlinzi, tanzi. Kilwa Kivinje wanao Mwembe Kinyonga, mti unaokumbukwa kwa watu walionyongwa na Wajerumani. Hassan bin Omari Makunganya, tajiri wa misafara aliyewapinga, alinyongwa Kivinje Novemba 1895. Nimejaribu kumtungia ubeti wa utenzi, ili nione neno litanipeleka wapi:

Kivinje i na simanzi,
Hasani kavikwa tanzi,
ameondoka mlinzi,
mji hauna kauli.

Tanzi sikulitafuta. Lilikuwa limekwisha kaa pale, linangoja. Mlinzi ndiye aliyenisumbua, maana Makunganya hakuwa mlinzi wa kila mtu. Mali yake ilikuwa na mkono wa biashara ya watumwa. Kina kilitaka kumsifu kuliko nilivyotaka mimi. Fundi wa kweli angeufuta mstari huo akatafuta mwingine, na kwenye -nzi kutafuta si kazi ya dakika moja.

Pwani hii ilipata fundi wake. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga *Utenzi wa Vita vya Maji Maji*, uliochapwa Ujerumani mwaka 1933, kisha ukachapwa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Vita vyenyewe vilianzia Umatumbi, nyuma ya Kilwa, Julai 1905, watu walipochoshwa na kazi ya kulazimishwa kwenye mashamba ya pamba. Kuhimili maafa ya ukubwa huo kwa mizani nane ni kazi ya subira. Katika utenzi vina vya mistari mitatu ya kwanza hubadilika kila ubeti, lakini cha mstari wa nne hakibadiliki mpaka utenzi uishe. Kwa hiyo neno la majonzi lenye jamaa wachache haliwezi kukaa mstari wa nne. Mtunzi angeishiwa kabla hajafika mbali.

Lakini katika ile mistari mitatu hata neno maskini lina nafasi, na hapo ndipo ninapolionea wivu *kihoro*, lile pigo la moyo la aliyefiwa. Katika shairi la mtiririko, linaloshika vina vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, kihoro lingekufa njaa. Utenzi unadai maneno matatu tu, na historia imeleta moja bila kuombwa: Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro, upande wa Rufiji, tarehe 4 Agosti 1905. La tatu liwe mgogoro. Ningelitanguliza hilo, kwa kuwa ni dhaifu kuliko yote na limechakazwa na magazeti. Mohoro lifuate mstari wa pili. Kihoro lisubiri wa tatu, msikilizaji akiwa ameshaujua mji lakini bado hajaambiwa umemfanya nini aliyebaki.