Fundi Asiyeuamini Mshale

Juu ya mapaa ya Ngara, Nairobi, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, zimesimama eriali za televisheni, fimbo za alumini zilizopangwa kama mifupa ya samaki. Nyingi zilipandishwa au kugeuzwa upya mwaka 2015, matangazo ya analojia yalipozimwa na kila nyumba ikaanza kutafuta king'amuzi. Muundo wake ni wa Wajapani wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na una umri wa karne nzima sasa. Eriali hizo hazina makuu, kwa kuwa kazi yao ni kupokea tu. Fundi hupanda, akaigeuza taratibu huku mtu akimpigia kelele kutoka dirishani, "Imeshika! Rudisha kidogo!", kisha hushuka, akalipwa, akaenda zake.

Ninayotaka kuisifu ni kazi ya watu wachache zaidi: kuirekebisha antena ya kurushia, ya redio ya nyumbani inayosema na kujibiwa. Nchi nyingine hufanya hivyo kwa redio za CB, zenye chaneli 40 kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405, zilizopendwa sana na madereva wa malori wa Marekani. Kwetu walioizoea kazi hii zaidi ni watu wa redio ya ridhaa, wenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na jina la hewani linaloanza na 5Z4. Kabla ya uhuru lilikuwa VQ4. Masafa yao ya megahezi 28 yako karibu na ya CB, ndiyo maana antena ya CB iliyotumika huwa bahati kwao: unainunua, unaikata kidogo, inahama jirani.

Ngara ni mahali pazuri pa kazi hiyo kwa sababu ya majirani wake. Ukiteremka hadi Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, unapata bomba, bolti na mtu wa kukukunjia chuma. Ukiendelea hadi Luthuli Avenue unapata kebo, plagi na risasi ya kulehemu. Kamukunji nayo haiko mbali, na huko hakuna umbo la bati lisilowezekana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawanya 300 kwa megahezi upate urefu wa wimbi kwa mita. Chaneli 19 ya CB iko kwenye 27.185, kwa hiyo wimbi lake ni mita 11 na ushei, na robo yake ni mita 2.76. Punguza kama asilimia 5, maana umeme hauishii pale chuma kinapoishia, ubaki na fimbo ya mita 2.62 hivi. Kwa megahezi 28.5, hesabu hiyo hiyo inakupa mita 2.50. Tofauti ni upana wa kiganja na kidole kimoja au viwili. Mtoto wa shule anaweza kukupigia hesabu hiyo kwenye daftari.

Lakini daftari halina tangi la maji. Halina mabati ya jirani, nondo zilizoachwa zikichungulia kwenye nguzo kwa ajili ya ghorofa ambayo mwenye nyumba anaahidi kuiongeza, wala waya wa kuanikia uliofungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kila chuma kilicho karibu huivuta antena huku au kule, na fimbo iliyokuwa sahihi kwenye karatasi huonekana ndefu mno ikiwa juu ya paa. Hapo ndipo ufundi unapoanzia, kwa sababu kinachorekebishwa si fimbo peke yake, ni fimbo pamoja na jengo lake. Hata mwili wa fundi umo. Ukiwa umeshika mlingoti unapima antena na mtu, kwa hiyo lazima urudi nyuma hatua kadhaa kabla ya kusoma chochote. Ukimaliza siku ya kufua, shuka zikiwa zimelowa kwenye waya, rudia kupima zikishakauka.

Kisha kuna mama wa orofa ya juu, ambaye ndiye mwenye paa kuliko mwenye nyumba. "Kijana, hiyo kitu haitatuletea radi?" Anastahili jibu la heshima na la kweli: "Hapana mama, ila nitaifunga waya nene ishuke hadi ardhini, na kukiwa na mvua ya radi nitachomoa kebo." Nyaya za umeme za barabarani nazo zinataka nidhamu kuliko zote. Mlingoti usimame mahali ambapo hata ukianguka hauwezi kuzifikia. Anayeona hilo ni woga asipewe spana.

Mita ya SWR huwekwa kati ya redio na kebo. Inalinganisha nguvu inayopanda na ile inayorudishwa na antena iliyoikataa. Ikisoma 1, hakuna kinachorudi. Ikisoma 1.5 zimerudi asilimia 4, ambazo hazifai kumnyima mtu usingizi. Ikisoma 3, robo nzima imerudi. Unapima chaneli ya 1, unapima ya 40. Mshale ukipanda zaidi kwenye 40, antena ni ndefu. Ukipanda zaidi kwenye 1, ni fupi. Basi unalegeza skrubu, unateremsha fimbo ndani ya bomba kwa unene wa kucha, unakaza, unarudi nyuma, unapima tena. Fimbo tatu au nne zilizo chini ya hiyo, zinazotawanyika kama miguu, zina kazi yake pia. Zikilala sawasawa, antena huwa na ukinzani wa omu 36 hivi. Zikiinamishwa hukaribia 50, ambazo ndizo kebo na redio zinazozitaka. Mimi hupenda kuona fundi akizigusa hizo kabla ya kukimbilia msumeno.

Watu wengi huishia hapo, mshale ukilala. Fundi ninayemsifu huanza kutilia shaka hapo. Chukua rezista ya omu 50, ifunge mahali pa antena: mita itasoma 1 safi kabisa, na sauti yako haitamfikia hata mtu wa Pangani hapo jirani. Nguvu yote itakuwa imegeuka joto. Au chukua kebo mbovu inayomeza nusu ya nguvu njiani kupanda na nusu tena njiani kurudi. Ondoa antena kabisa, uache mwisho wa kebo ukining'inia wazi, na mita chini itasoma 3 tu, kana kwamba kuna antena isiyo mbaya sana. Kumbe juu hakuna kitu. Kwa hiyo mvua za masika zikipita na mshale ukawa mzuri kuliko ulivyokuwa Februari, hiyo si habari njema. Maji yameingia. Fungua plagi ya juu, kata sentimita chache za kebo, uitazame shaba: iking'aa, funga, ikiwa nyeusi au ya kijani, kebo hiyo imekwisha, hata kama ilikuwa ya bei.

Sijui kazi nyingine nyingi zinazomtaka mtu akiogope kipimo kizuri kuliko kibaya. Kibaya angalau kinakueleza kuna jambo.

Hata antena nzima bado ina adui mtaani. Chaja za bei rahisi, taa za LED na adapta za vibanda vyote vya Ngara hunguruma kwenye redio usiku na mchana, na hakuna fimbo ya kukatwa itakayozinyamazisha. Stima ikipotea, wakati kila mtu analalamika, mwenye redio ya betri ndiye anayefurahi kimyakimya. Muungurumo hushuka ghafla na stesheni zilizokuwa zimefunikwa hujitokeza.

Ndiyo maana kipimo cha mwisho ni sikio. Kwenye megahezi 28.200 kuna vinara 18 vya dunia, yaani stesheni za kutuma ishara tu, kila kimoja kikipewa sekunde 10, mzunguko mzima ukichukua dakika 3. Kenya ina chake, 5Z4B. Afrika Kusini ina ZS6DN. Kila kinara hutuma jina lake kwa msimbo wa Morse na mlio mmoja mrefu kwa wati 100, kisha milio mitatu zaidi: wati 10, wati 1, na moja ya kumi ya wati. Kinara cha nyumbani kisikutie kiburi, kiko karibu. Sikiliza cha Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,800 kutoka hapa, alasiri anga linapokuwa wazi, uhesabu milio. Ukiisikia mitatu, ota jua kidogo kabla ya kushuka. Ukikosa hata wa kwanza, mpigie mwenzako wa Westlands au Lang'ata umuulize kama anaupata. Akisema anaupata, na mita yako inasoma 1.1, beba bisibisi urudi juu, uanzie kwenye plagi.