Udongo Kwanza, Saruji Baadaye

Nje kidogo ya jiji la Mbeya, fundi wa matofali ya kufungamana anaanza kazi bila kugusa mfuko wa saruji. Anachimba. Tabaka la juu, jeusi na lenye mizizi, analikwangua na kulitupa kando, kwa sababu mboji huzuia saruji kushika. Anautaka udongo mwekundu ulio chini yake.

Konzi moja inaingia kwenye chupa ya kioo, maji yanafuata, chupa inatikiswa na kuwekwa chini. Mchanga unatuama mara moja. Udongo wa mfinyanzi unabaki ukielea kwa saa nyingi, na fundi hausumbui. Udongo mwingine anaulowesha na kuushindilia ndani ya kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4, kilichopakwa mafuta ili usigande. Ukishakauka, anausukuma wote upande mmoja na kupima pengo lililobaki. Pengo likiwa kubwa, mfinyanzi umezidi: utahitaji mchanga, au saruji zaidi. Hapo ndipo anapoamua vipimo.

Udongo unapitishwa kwenye chekeche. Mabonge yanayobaki juu anayaponda na kuyarudisha. Kisha anamwaga saruji, na juu yake pozolana, yaani majivu ya kale ya volkano, ambayo mkoa huu umejaliwa kuwa nayo. Yamesagwa hadi yakawa laini kama unga wa sembe, na yanachukua nafasi ya sehemu ya saruji. Vyote vinachanganywa vikavu. Beleshi linageuza rundo kutoka upande huu hadi ule, kisha linalirudisha, mpaka isionekane tena michirizi ya kijivu katika wekundu.

Maji huja mwisho, kwa kopo la kumwagilia bustani, kidogo kidogo. Fundi anafinyanga donge, ananyoosha mkono usawa wa bega, analiachia. Likisambaratika kuwa vumbi, maji hayajatosha. Likibaki zima, yamezidi. Hili linavunjika vipande vinne. Anatikisa kichwa kukubali na kuwaita wenzake kwenye mashine ya kushindilia.

Sasa mwendo unabadilika, maana mchanganyiko ulioloa unapaswa kwisha ndani ya saa moja hivi, kabla saruji haijaanza kushika. Mmoja anajaza kasha kwa kipimo kilekile kila mara, mwingine anavuta mkono mrefu wa mashine kwa uzito wa mwili wake. Tofali linapanda juu, kingo zake kali, mbenuko upande mmoja na mfereji upande wa pili. Linabebwa kwa viganja viwili na kupangwa kivulini, bila kuni na bila tanuri.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya subira. Matofali yanafunikwa nailoni na kumwagiliwa kila siku. Saruji inaposhika, huzalisha chokaa ambayo peke yake haina nguvu kubwa. Silika ya majivu huungana na chokaa hiyo na kuwa gundi nyingine, ila polepole, kwa wiki na hata miezi, na penye unyevu tu. Ukavu wa mapema huikatisha kazi hiyo. Warumi waliutumia uwezo huohuo wa majivu kujenga bandari yapata miaka 2,000 iliyopita.

Wapo wanaouza tofali likiwa na siku saba. Huyu husubiri 28, kisha huzamisha moja ndani ya ndoo usiku kucha na asubuhi hulikwaruza kwa msumari. Mteja mwenye lori anapouliza aje lini, fundi hapandishi sauti.

“Chimba msingi kwanza, kaka. Ukiumaliza vizuri, na haya yatakuwa yamekomaa.”