Anayeongea Kiswahili Jukwaani: Mbarara na Nakivale

Ukitaja maigizo ya kuzunguka katika darasa la fasihi hapa Uganda, mfano wa kwanza huwa kundi la Makerere lililoanza ziara zake mwaka 1965 chini ya David Cook. Wanafunzi walisafiri na kuigiza bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwemo. Tunalisifu kwa kuwafuata watu walipo. Lakini mchezo ukihama mahali, je, lugha yake hubaki na maana ileile?

Chukua mhusika mmoja tu. Katika vichekesho vyetu, anayeingia jukwaani akifoka kwa Kiswahili mara nyingi ni askari, mlinzi au mwizi. Hadhira ya Mbarara inamjua kabla hajatenda lolote. Enzi za Idi Amin zilikwisha kumchorea sura. (Katiba ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, haikumgusa mhusika huyu.) Mpeleke sasa Nakivale, wilayani Isingiro. Huko Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya ibada, ya mama anayemwita mwanawe. Wakongo wengi wamekuja nacho kutoka kwao. Kicheko kilichotarajiwa hakiji, au kinakuja kwa kumcheka mwigizaji mwenyewe.

Tatizo la pili ni letu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tukiandika mchezo wa kupeleka makazini, tunaandika kwa Kiswahili sanifu. "Watoto wanakuja," anasema mama wa jukwaani, ilhali mama wa Kivu aliyeketi mbele yake angesema "batoto banakuya". Anaelewa, bila shaka. Ila anachosikia ni sauti ya mwalimu au ya ofisa wa shirika, na mchezo unageuka tangazo, hasa mada ikiwa ni usafi au ndoa za utotoni, iliyoamuliwa kabla mwandishi hajashika kalamu.

Wapo watakaosema lahaja itaharibu lugha. Sikubaliani nao. Usanifu apewe karani anayeandikisha majina. Mama aachiwe Kiswahili chake, na kutoelewana kwao dirishani kuwe ndio mgogoro wa mchezo. Hapo lugha inatenda kazi, haipambi tu. Mchezo wa namna hiyo ningependa uandikwe Nakivale, kisha uzunguke kinyumenyume: uanze kuoneshwa Mbarara, mbele ya wale waliozoea kumcheka askari.