Jina la Mti Si Dawa: Maoni juu ya Kamusi na Vitabu vya Miti ya Tiba

Mtu akizifungua kamusi za Kiswahili zilizopigwa chapa kabla ya mwaka 1950, atakutana mara nyingi na maelezo ya namna hii: kwamba neno fulani ni jina la mti wa aina fulani, na ya kuwa mizizi yake au majani yake hutumiwa kuwa dawa. Maelezo hayo si ya uongo, wala hatukusudii kuwadharau walioyaandika, kwa kuwa tunakula matunda ya kazi yao hata leo. Lakini twauliza: msomaji aliyekwisha kuambiwa hayo amejua nini? Amejua ya kuwa kuna mti, na ya kuwa kuna dawa. Hajajua mti upi, wala dawa gani. Twapenda basi kuvipima vitabu vitatu vilivyojaribu kwenda mbele zaidi, tuone kila kimoja kimefika wapi, na njia iliyobaki ni ndefu kiasi gani.

Kitabu cha kwanza ni kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padre Charles Sacleux, iliyoanza kutolewa Paris mwaka 1939. Padre huyo aliishi Zanzibar na Bagamoyo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, akakusanya mimea kwa mikono yake, hata wataalamu wa mimea wakaita jamii moja ya mimea Sacleuxia kwa kumheshimu. Sifa yake kubwa ni kwamba aliliuliza neno litokako. Lililo la Kimvita hakulichanganya na la Kiunguja, na penye mti alijitahidi kutia jina la Kilatini.

Kitabu cha pili ni kidogo kwa umbo, lakini faida yake ni kubwa: kamusi ya majina ya mimea ya P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani katika milima ya Usambara. Kilitoka mwaka 1937, kikatolewa tena mwaka 1940. Humo jina la Kiswahili limewekwa karibu na jina la Kilatini na la Kiingereza, na mtafutaji hapotei njia. Greenway hakuahidi kueleza tiba, basi hatuna haki ya kumdai asichoahidi.

Hata hivyo, ukivitazama vitabu vya namna hii kwa jumla, utaona kasoro moja inayotoka katika asili ya kamusi yenyewe. Kamusi hupenda neno moja liwe na kitu kimoja. Wasemaji hawafanyi hivyo, na katika mambo ya dawa tofauti hiyo yaweza kumgharimu mtu uhai.

Tutwae neno mbono. Kwa watu wengi wa pwani mbono ni jina jingine la mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, na mafuta yake ni haluli ya zamani, dawa ya kufungua tumbo. Lakini uko mti mwingine, mbono kaburi, uliotoka Amerika ya Kati, ambao watu huupanda penye makaburi na kuufanya ua wa shamba. Katika miaka ya 2000, mti huo ulipopandwa sehemu nyingi za Tanzania kwa ajili ya mafuta ya mitambo, wengi walilikata jina lake wakasema mbono tu. Sasa mbegu za miti yote miwili zina sumu, ila sumu zake hazifanani. Ile ya mbarika, iitwayo risini, haiyeyuki katika mafuta. Mafuta yakikamuliwa na kusafishwa vema, sumu hubaki katika mashudu. Katika mbono kaburi imo sumu nyingine inayoingia katika mafuta yenyewe. Bibi anayemwambia mjukuu wake, "Mpe mtoto mafuta ya mbono kidogo," amesema neno jema au neno la hatari, kwa kadiri ya mti anaoukusudia. Kamusi inayosema kwamba mbono ni mbarika, ikanyamaza hapo, haikusema uongo. Lakini haitamwokoa mtoto yule.

Wala tusidhani kwamba uangalifu katika mambo haya ni jambo jipya, au kwamba ulizaliwa Ulaya. Katika hati ya tiba ya Misri iitwayo Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, imo sehemu nzima juu ya mti huo huo wa mbarika. Mwandishi yule ametenga mzizi na mbegu na mafuta. Ameeleza kipi ni cha kichwa, kipi ni cha tumbo, kipi ni cha nywele za wanawake, na kwamba mbegu hutafunwa pamoja na pombe. Hatumshauri mtu yeyote kufuata agizo hilo la mwisho, kwa sababu mbegu iliyotafunwa hutoa sumu yake. Lakini kwa kazi ya uandishi, karani yule wa Misri amewashinda watunga kamusi wengi waliomfuata: alijua kwamba mti mmoja si dawa moja.

Kitabu cha tatu ni kile cha Profesa John O. Kokwaro wa Nairobi juu ya mimea ya tiba ya Afrika ya Mashariki, kilichotolewa kwanza mwaka 1976, kisha kikatengenezwa na kutolewa tena mwaka 1993 na mwaka 2009. Hapa tumevuka mto. Mwandishi ni mtaalamu wa mimea na pia ni mwana wa nchi hizi. Hakutosheka na Kiswahili, bali ameweka majina ya lugha nyingi za makabila, na kila mmea ameutaja na matumizi yake: mizizi ya huu kwa tumbo, majani ya ule kwa vidonda. Msomaji hupata pia jambo lisilopatikana kwa mkusanyaji wa kabila moja, yaani kuona kwamba watu wasiopakana wameutumia mmea mmoja kwa ugonjwa mmoja. Mapatano ya namna hiyo si hakika ya kuwa dawa yaponya, lakini ni sababu njema ya kuichunguza.

Twakisifu kitabu hiki kwa moyo wote, na kwa hiyo twathubutu kusema kilichopungua. Mara nyingi twaambiwa sehemu ya mti na jina la ugonjwa, lakini hatuambiwi kipimo. Je, ni konzi moja ya majani au kibaba kizima? Huchemshwa hata maji yapungue nusu, au huroweka usiku kucha? Na mja mzito, aweza kunywa? Tena kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, hata mwenye kuijua dawa hawezi kukisoma ili akisahihishe. Hilo la mwisho twaliona kuwa hasara kuliko yote.

Labda msomaji atasema kwamba twadai mambo madogo. Na atazame basi habari ya Wachina. Katika karne ya 4 mganga aliyeitwa Ge Hong aliandika kitabu cha dawa za haraka, na humo alitaja mmea uitwao qinghao kwa kutibu homa za vipindi. Mwaka 1969 mwanamke mmoja mtaalamu, Tu Youyou wa Beijing, alipewa kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria. Yeye na wenzake waliujaribu mmea huo, na matokeo yakawa mara mazuri, mara mabaya. Ndipo akarudi kukisoma kile kitabu cha kale, akaona kwamba Ge Hong hakusema uchemshwe. Alisema utiwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Mwaka 1971 akaitoa kwa njia isiyohitaji moto mkali, akaipata. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Tena ilionekana kwamba jina la qinghao lilichukua mimea zaidi ya mmoja, na ule wenye dawa ni Artemisia annua. Mambo yote mawili tunayoyadai, jina lililo wazi na namna ya kutengeneza, ndiyo yaliyozaa dawa hiyo. Kama Ge Hong angaliandika kwa desturi ya kamusi zetu, yaani "mmea, dawa ya homa," Tu asingalipata la kumwongoza. Tusisahau lakini kwamba dawa iliyotolewa na kupimwa si sawa na chai ya majani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba haliungi mkono kuyatumia majani ya mmea huo kutibu malaria.

Mfano wa tatu uko uani petu. Mwarobaini ni mti wa Bara Hindi, lakini jina lake ni la kwetu, kwa imani kwamba huponya maradhi arobaini. Jina ni zuri, na ladha ya majani yake hakuna aionjaye akaisahau. Lakini arobaini ni sifa, si hesabu. Majani yaliyochemshwa ni kitu kimoja, na mafuta ya mbegu ni kitu kingine: mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga waliougua vibaya ubongo baada ya kunyweshwa mafuta hayo. Jina kubwa lisiloeleza namna laweza kufunika kaburi dogo.

Upande mwingine, mti huo huo umetufundisha kwamba ushahidi wa matumizi ni ngao. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace haki ya pekee juu ya njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuzuia ukungu wa mimea. Wapinzani walisimama wakaleta ushahidi kwamba njia hiyo ilikuwa ikitumika India tangu zamani. Mwaka 2000 haki ile ikafutwa, na mwaka 2005 rufani ikakataliwa. Asiye na ushahidi wa mali yake hana la kusema siku inapochukuliwa.

Twajua jibu la wazee wengine: dawa ikiandikwa, imeibwa, nguvu yake ni siri yake. Hatulicheki neno hilo, kwa kuwa habari ya mwarobaini yaonyesha kwamba hofu yao ina msingi. Lakini siri hufa pamoja na mwenye siri, na maandishi yaliyo kamili, yenye jina la kijiji na la kabila lililotoa maarifa, ndiyo yanayoweza kusimama barazani.

Hapana budi kukiri pia kosa la nyumba yetu wenyewe. Katika maandishi mengi ya misioni uganga na uchawi vilitiwa katika kapu moja, ingawa Mswahili yeyote ajua kwamba mganga na mchawi ni watu wawili, na wa kwanza huitwa ili kuzuia kazi ya wa pili. Kwa hiyo wakusanyaji waliogopa kuuliza, na walioulizwa waliogopa kujibu. Vuo, mafusho, chale, kombe: maneno haya yamo katika kamusi, lakini yamekaa mbali na majina ya miti, kama jamaa waliogombana.

Hukumu yetu basi ni hii. Sacleux ametupa neno, Greenway ametupa mti, Kokwaro ametupa matumizi. Anayefuata na atupe vitu vilivyobaki: jina kama lisemwavyo mahali palipotajwa, na jani lililokaushwa na kuhifadhiwa ili wengine waushuhudie mti, sehemu itumikayo, na majira ya kuichuma, kutwanga, kuroweka au kuchemsha, kipimo kwa mkubwa na kwa mtoto, na wale wanaokatazwa. Kisha ayaandike kwa Kiswahili, amsomee yule mzee aliyemwambia, na kungoja aseme, "Sivyo, mwanangu, hapo umekosea." Kitabu kisichopita katika sahihisho hilo, hata kikipambwa kwa Kilatini namna gani, twakihesabu kuwa hakijakwisha.