Makazi ya chura wa Kihansi yamo ndani ya kibali cha maji

Mtaje chura wa Kihansi kijiweni uone: lazima atokee mtu wa kuuliza kama kweli tukose umeme kwa sababu ya chura. Wapenda mazingira nao wana jibu lao: tenga eneo, weka walinzi, basi. Nadhani pande zote mbili zinakosea jambo lilelile. Zinadhani makazi ya chura huyu ni kipande cha ardhi.

Hebu mtazame mwenyewe. Hafiki sentimita 3, ana rangi ya manjano, na jike hatagi mayai bali huzaa vyura wadogo waliokwisha kukamilika. Duniani kote alipatikana porini sehemu moja tu, chini ya maporomoko ya mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, katika eneo la kama hekta 2. Kilichomweka pale ni manyunyu. Maji yalipogonga miamba yalirusha rasharasha usiku na mchana, majani yakawa yamelowa wakati wote. Rasharasha ilipoishia, na chura aliishia hapohapo.

Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa umeshaanza, Benki ya Dunia ikiwa mmoja wa wafadhili. Tathmini ya mazingira ilikuwa imeshaandikwa bila yeye. Mitambo ilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakipita korongoni yaligeuzwa njia. Sasa angalia: hakuna aliyekata mti korongoni, hakuna aliyelima wala kuwinda. Angekuwepo askari wa hifadhi, angeandika kwenye daftari lake kuwa siku imepita salama.

Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Huku nyumbani zikafungwa bomba za kunyunyizia maji, na idadi ikapanda hadi makadirio ya 20,000 katikati ya 2003. Halafu, ndani ya miezi michache, wakaporomoka. Kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, alionekana kwenye mizoga. Watafiti walijadili pia matope yenye dawa za mashambani yaliyofunguliwa kutoka bwawani. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini. Wazao wa wale 499 walianza kurudi nchini mwaka 2010, wakafugwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha wakaanza kujaribiwa korongoni.

Ni kweli, hakuna karatasi inayozuia kuvu. Lakini maji na matope vyote vilitoka juu, nje ya mpaka wowote ambao mtu angeuchora kuzunguka zile hekta 2.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imepiga hatua nzuri: inatambua maji ya akiba, yaani kiasi kinachopaswa kubaki kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa ikolojia ya maji. Tatizo langu ni kipimo. Ukipima maji yanayopita mtoni, unaweza kuridhika kuwa yanamtosha samaki, kumbe korongo halina manyunyu hata kidogo. Chura huyu haishi mtoni, anaishi kwenye rasharasha. Ndiyo maana bomba bado zinahitajika, na bomba zinaziba, zinapasuka, zinataka fundi na bajeti kila mwaka. Kwangu mimi hilo nalo ni suala la kisheria. Kibali cha kutumia maji kitaje eneo linalopaswa kulowa, kitaje anayelipia matengenezo, na kieleze kiangazi kikibana nani anapunguza kwanza. Kisipoeleza, uamuzi utabaki kwa mtu wa zamu kwenye mitambo, saa mbili usiku, wakati nchi nzima imewasha taa.