Seva Inapoamini Jina Lililoandikwa na Mgeni

Juni inapokaribia kwisha, saiba za Dagoretti Corner, Nairobi, hujaa watu wanaokimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za kodi. Wanateremka kutoka Kawangware na Riruta kwa Barabara ya Naivasha, wengine wanashukia steji ya Barabara ya Ngong, na wakifika kaunta wengi wana neno moja: nimesahau nywila. Mhudumu anabofya, baruapepe inaingia, mteja anafungua kiungo na kuweka nywila mpya. Kitendo hicho kipo kwenye karibu kila tovuti yenye akaunti, iwe ya sacco, ya shule au ya duka, na ndicho ninachotaka tukichambue. Nywila inaweza kupotelea hapo bila mteja kufanya uzembe wowote.

Kivinjari kinapoomba ukurasa, hutanguliza mistari ya maelezo iitwayo heda. Mmojawapo, Host, umekuwa wa lazima tangu HTTP/1.1 ya mwaka 1997, kwa sababu seva moja huhudumia tovuti nyingi na ni lazima ijue ni ipi inayotafutwa. Shida ni kwamba mstari huo huandikwa na anayeomba. Kivinjari cha kawaida huandika ukweli. Mtu mwenye programu ya kutunga maombi kwa mkono huandika apendavyo:

POST /nywila/nimesahau
Host: mwizi.example

barua=anwani-ya-mteja

Ikiwa mtengenezaji wa tovuti aliiagiza seva iunde kiungo kwa kuchukua jina lililo kwenye Host, mteja atapokea baruapepe halali, iliyotumwa na mfumo halali, ila kiungo kitaelekea mwizi.example kikiwa kimebeba tokeni ya siri ya kubadilishia nywila. Akibofya, tokeni imemfikia mwizi. Tena si lazima abofye yeye: baadhi ya mifumo ya kukagua barua hufungua viungo yenyewe ili kuvipima. Mtafiti wa usalama James Kettle alieleza mbinu hii kwa kina mwaka 2013. Februari mwaka huohuo watunzaji wa Django, mfumo wa kutengenezea tovuti, walikuwa wameleta ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina ambayo tovuti inaruhusiwa kuyaitikia. Jina lisilo kwenye orodha hukataliwa.

Kisa cha WordPress kilikuwa cha hila zaidi. Mei 2017 Dawid Golunski alitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2017-8295. Kiungo chenyewe kilikuwa sahihi. Kilichochafuliwa ni anwani ya mtumaji: WordPress iliitunga kutokana na jina la seva, na programu ya seva Apache, isipoelekezwa vingine, hulitoa jina hilo kwenye Host ileile ya mgeni. Basi barua ilimwendea mwenye akaunti, lakini njia yake ya kurudi ilielekea kwa mshambulizi. Kisanduku cha mwenye akaunti kikiwa kimejaa, barua ingerudishwa kwa "mtumaji" pamoja na kiungo ndani yake. Matoleo yote hadi 4.7.4 yaliathirika, na WordPress ndiyo inayoendesha tovuti nyingi za biashara ndogo.

Kuna tawi la pili la mashambulizi ya heda, la zamani zaidi. Katika HTTP, heda moja hutenganishwa na inayofuata kwa herufi mbili zisizoonekana, namba 13 na 10, ambazo kwenye anwani huandikwa %0d%0a. Seva ikichukua maneno ya mgeni na kuyanakili ndani ya heda ya jibu bila kuyachuja, mgeni anaweza kufunga mstari na kuanza wake. Amit Klein aliandika juu ya jambo hili mwaka 2004, na Januari 2006 PHP 5.1.2 ikazuia kazi yake ya header() kutuma zaidi ya heda moja kwa mara moja. Mstari wa kuogopwa zaidi ni Set-Cookie, unaoweka kidakuzi kwenye kivinjari, na humo ndimo namba ya kikao, ambayo seva humtambulia mteja, hukaa. Mwizi humpandikizia mteja namba ya kikao ambayo yeye mwizi anaijua tayari. Mteja anaingia kwa nywila yake sahihi, seva haibadilishi namba ile, na sasa wawili wamo ndani ya akaunti moja. Nywila haikuibwa wala kukisiwa.

Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa kwa kumiminiwa maombi, Kenya nzima ilijua saa hiyohiyo, kwa sababu huduma zilikwama. Shambulio la heda halizimi kitu. Tovuti inaendelea kufanya kazi vizuri, na alama pekee inayobaki ni jina geni kwenye kumbukumbu za seva, ambazo mara nyingi hazisomwi na yeyote. Kwa hiyo mteja akija kulalamika kwamba akaunti yake imeingiliwa, huambiwa alimpa mtu nywila. Naona hiyo ni dhuluma. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtaka anayeshika data aweke ulinzi tangu mfumo unaposanifiwa, na kifungu cha 43 kinampa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data pale uvujaji unapotishia kumdhuru mwenye data.

Dawa ni rahisi kuliko ugonjwa. Jina la tovuti liandikwe kwenye mipangilio, lisiulizwe kwa mgeni. Namba ya kikao ibadilishwe kila mtu anapoingia. Vidakuzi viwekewe Secure na HttpOnly. Tokeni ya nywila itumike mara moja tu na ife baada ya muda mfupi.

Kwa ninyi mnaotunza seva za nginx, tafuteni mstari huu, ambao umenakiliwa kutoka mkono hadi mkono kwa miaka:

return 301 https://$host$uri;

Una magonjwa yote mawili. $host hutoka kwa mgeni, na $uri huwa imeshafumbuliwa, hivyo %0d%0a hugeuka kuwa mwisho halisi wa mstari. Badala ya $host andikeni jina la tovuti yenu, badala ya $uri wekeni $request_uri, na ombi lolote lenye jina msilolijua lipelekwe kwenye seva ya msingi inayojibu 444, yaani kukata mawasiliano. Fanyeni hivyo leo, kabla Juni nyingine haijawaleta wateja wenu kaunta.