Ndagala kwenye Pikseli 120

Steam, duka kubwa la magemu ya kompyuta, humtaka mwenye gemu apakie jalada dogo lenye pikseli 462 kwa 174. Kisha duka lenyewe hulipunguza na kutoa nakala mbili: moja ya 184 kwa 69, nyingine ya 120 kwa 45. Hiyo ya pili hufunikwa na kidole gumba, na ndiyo inayokutana na mtu anayepitisha macho kwenye orodha ya matokeo. Mwaka 2024 peke yake yaliingia humo magemu zaidi ya 18,000, karibu 50 kila siku.

Wachoraji wengi huanzia upande usiofaa. Hutengeneza bango kubwa lenye shujaa, adui, mji unaowaka na anga la machweo, kisha hulibana mpaka litoshe. Bango likibanwa hivyo, mji hugeuka vumbi la rangi na shujaa hubaki doa. Kijipicha, yaani jalada hilo dogo, kinapaswa kuchorwa kwa saizi yake tangu mstari wa kwanza, na bango kubwa litokane nacho.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni *Tales of Kenzera: ZAU*, gemu la Surgent Studios lililotoka Aprili 23, 2024. Mwanzilishi wa studio hiyo, Abubakar Salim, ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Alilitunga gemu hilo kutokana na msiba wa baba yake, akachota visa vya Wabantu na kulitolea sauti za Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa uchambuzi huu, jambo la kutazama ni uamuzi mmoja wa usanifu. Zau, mganga kijana, ana vinyago viwili: cha Jua chenye rangi za moto na cha Mwezi chenye samawati baridi. Rangi ya machungwa na samawati hukaa pande mbili za duara la rangi, na zikikutana kila moja huipa nguvu nyenzake. Kwa hiyo jambo ambalo mchezaji hulifanya ndani ya gemu, yaani kubadili kinyago, limekuwa pia alama ya nje. Halafu kuna jina. Maneno matatu ya mwanzo kwa pamoja ni marefu, lakini ZAU ni herufi tatu nene zinazosomeka hata zikiwa ndogo sana.

Team Cherry, studio ya Australia iliyotoa *Hollow Knight* mwaka 2017, ilikwenda mbali zaidi: kinyago cheupe chenye pembe mbili na matundu mawili meusi ya macho, basi. *Among Us* ya mwaka 2018 ina mtu wa angani asiye na mikono, mwenye kioo kimoja usoni. Ukizijaza picha zote mbili wino mweusi usiache chochote ila mzingo wake, bado mtu atazitambua. Hicho ndicho kipimo cha umbo.

Hata Ziwa Tanganyika lina shahidi wa jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wa Kijapani walichapisha majaribio juu ya *Neolamprologus pulcher*, samaki mdogo wa ziwa hilo anayeishi kwa makundi. Walibadilisha picha za samaki kwa kompyuta, uso wa jirani ukawekwa kwenye mwili wa mgeni na kinyume chake. Samaki waliofanyiwa majaribio walifuata uso: madoa machache ya rangi karibu na jicho yaliwatosha kujua huyu ni jirani au mgeni, tena kwa muda usiofika sekunde moja. Mwili mzima ulikuwepo mbele yao, ila kazi ilifanywa na sehemu ile ndogo. Mnunuzi wa gemu naye hutazama vivyo hivyo, na ndiyo maana uso mmoja ulio karibu huishinda halaiki iliyo mbali.

Sasa tuchukue gemu la kubuni tu, tuliite *Ndagala* kwa jina la dagaa wa ziwa hilohilo, linalotokea Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge nchini Burundi, mahali ambapo msitu umebaki karibu na ziwa. Mchezaji ni mvuvi wa usiku. Uvuvi wa ndagala hufanyika gizani kwa sababu ndagala huifuata taa. Mbalamwezi ikijaa, nuru hutapakaa ziwani na taa hupoteza nguvu, ndiyo maana wavuvi hupumzika siku za mwezi mpevu. Hapo mchoraji wa haraka amekwisha kosea, maana jambo la kwanza atakaloweka juu ya maji ni mwezi mkubwa wa duara. Mtu wa Rumonge ataona mara moja kwamba aliyechora hajui kazi hiyo.

Tuseme rasimu ya kwanza ya jalada ina mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa magogo, wavu, taa sita, wavuvi wanne na milima ya Kongo ng'ambo. Inapendeza kwenye skrini ya kompyuta. Ipunguze iwe 120 kwa 45: mabaki ni bluu iliyokolea yenye nukta za njano. Na kwa kuwa Steam yenyewe ina mandhari ya bluu iliyokolea, kingo za picha zinamezwa na ukurasa.

Rasimu ya pili inafuta karibu kila kitu. Taa moja, uso mmoja. Lakini taa ikiwekwa chini ya kidevu, mwanga unapanda juu, matundu ya macho yanaingia kiza na mvuvi anageuka jini. Mtazamaji atadhani ni gemu la kutisha; apendaye vitisho atabofya na kukuta nyavu, naye apendaye uvuvi atapita. Mwanga husema aina ya gemu kabla jina halijasomwa. Taa ihamishwe ubavuni, ilingane na bega: shavu linapata joto, jicho linaonekana, na nyuma yake maji yanakuwa ya kijani cha bluu badala ya weusi. Upande wa chini, ndagala kadhaa wa rangi ya fedha wanatosha. Sasa picha ina tabaka tatu za mwanga: angavu, ya kati, ya giza.

Jina nalo lina hesabu yake. Kutoka pikseli 462 hadi 120 ni kupungua karibu mara nne, hivyo mstari wa herufi wenye unene wa pikseli nne hubaki na pikseli moja tu, ukafifia. Herufi zenye mikia myembamba, zile zinazopendwa kwenye kadi za harusi, hufutika kabisa. Steam hushauri jina likaribie kujaza jalada dogo lote, na hapo *Ndagala*, lenye herufi saba, linafaa. Likiongezewa kichwa kidogo chenye maneno matano, litashindwa. Tangu Septemba 1, 2022, Steam pia imekataza kuweka kwenye majalada nyota za wahakiki, alama za tuzo na matangazo ya punguzo la bei. Vinavyoruhusiwa ni mchoro, jina na kichwa kidogo rasmi. Sheria hiyo imewasaidia wadogo, kwa kuwa pikseli zote zimerudi kwa mchoraji.

Kwenye simu mambo hubadilika. Google Play hutaka ikoni ya mraba, pikseli 512 kwa 512, kisha huzungusha pembe zake na kuweka kivuli yenyewe; mchoraji asizungushe wala asiweke kivuli chake. Jina limekwisha andikwa pembeni na duka, kwa hiyo ndani ya mraba halihitajiki. Uso na taa vikae katikati. Picha ijaribiwe juu ya nyeupe na juu ya nyeusi, maana simu nyingine zimewekwa hali ya giza.

Jaribio lenye maana zaidi halifanyiki ofisini. Saa sita mchana ufukweni Kigwena, mtu amepunguza mwanga wa skrini ili chaji ifike jioni. Jua linafuta rangi za giza kwanza: bluu iliyokolea, zambarau, kahawia, zote zinakuwa kioo. Picha inayotegemea tofauti ya rangi bila tofauti ya mwanga hufa hapo. Njia rahisi ya kulijua hilo mapema ni kuigeuza iwe ya kijivu. Ikiwa uso na nyuma yake vinalingana, irudiwe. Baada ya hapo iwekwe kati ya picha za magemu mengine kumi ya aina ileile, aonyeshwe mtu asiyelijua gemu kwa sekunde moja, aulizwe gemu linahusu nini. Asiulizwe kama ni nzuri. Wengi husema nzuri kwa adabu.

Namba zipo pia. Google Play imeruhusu tangu mwaka 2015 kushindanisha ikoni, hadi tatu mpya dhidi ya ile iliyopo, kwa wageni halisi wa duka. Steam humwonyesha mwenye gemu picha imetokea mara ngapi na wangapi wameingia ukurasani. Namba hizo zisomwe kwa uangalifu, kwani kubofya si kununua. Steam hurudisha pesa kwa aliyecheza chini ya saa mbili na kuomba ndani ya siku 14, kwa hiyo picha iliyodanganya huleta wateja na kuwaondoa wiki hiyohiyo. Wala picha bora haiokoi biashara nzima: Surgent Studios ilipunguza wafanyakazi Julai 2024, miezi mitatu baada ya *ZAU* kutoka.

Hata hivyo, mwenye gemu lake Bujumbura, Kigoma au Mombasa ambaye fedha zake hazitoshi kulipia kila kitu, amlipe kwanza mchoraji wa kijipicha, ndipo afikirie trela. Trela hutazamwa na mtu aliyekwisha bofya.